Lindo la Siku Tatu

Akongo, elewa kwanza: hii si nyama ya baa,
si ile ya kuchomwa na kuliwa kwa mihogo na kelele.
Hii ni nyama ya asubuhi.
Mama yako amecheka mpaka akashika mlango:
"Nguruwe na sukari! Tena kabla ya chai!"
Mwache acheke. Hata mimi nilicheka
mara ya kwanza, kule Iraki,
bunduki begani, mchanga kwenye meno.

Crisanto alikuwa mpishi, mimi mlinzi.
Yeye aliamka saa tisa usiku, mimi sikuwa nimelala.
Lugha yetu ilikuwa vidole na majina ya vyakula.
Aliniandikia nyuma ya karatasi ya zamu
mistari saba, kalamu ya buluu.
Wa tano uliliwa na jasho la mfuko wangu.
Huo wa tano ndio ninaoukisia
mwaka wa kumi na mbili sasa.

Basi. Nimenunua bega kwa Owere, kilo moja na nusu.
Nikamwambia akate nyembamba kama soli ya kandambili,
akaniuliza kama bado nina meno.
Kitunguu saumu, kichwa kizima.
Chumvi. Pilipili manga. Siki, kifuniko kimoja.
Sukari nguru niliyoikwangua kwa kisu.
Maji ya nanasi la Kayunga.
Yeye alikuwa na unga mwekundu wa pakiti;
mimi nimetwanga bitiruti, na vidole vyangu
tangu Jumatano ni vya mtu aliyetenda jambo.

Kisha siku tatu, alisema. Akanyoosha vidole vitatu
akavishikilia hewani kama anayekula kiapo.
Lakini umeme wa Tororo una safari zake,
ndiyo maana bakuli likahamia kwa Nyafwono,
ndani ya friji la baa, katikati ya bia,
na mimi kila jioni nikaenda kulikagua.
Wanywaji wakanong'ona: Obbo kairudia chupa.
Nikafunua, nikanusa, nikafunika.
Nyama iko lindoni, nikawaambia. Wakatazamana.
Kulinda kitu kisichotaka kutoroka
ni kazi nzito kuliko mnavyodhani:
unabaki wewe na akili yako.

Sasa tazama sigiri. Moto mdogo.
Maji kwanza, nusu kikombe, yachemke yakauke;
ndipo mafuta; ndipo uache kuzungumza.
Sukari haina huruma,
umegeuka kupenga kamasi, imeshakuwa mkaa.
Sikia inavyobadili sauti: ilikuwa mvua kwenye bati,
sasa ni mtu anayechana barua polepole.
Geuza. Geuza tena.
Leta kile kiporo cha wali, mchele wa Doho,
tukikaange na saumu iliyobaki. Leta yai.

Nje, mwamba umejifunga ukungu kiunoni.
Mama yako amerudi. Hacheki. Ana sahani.

Naonja.
Siyo.
Imekaribia, kama mtu anayefanana na mtu
huko barabarani, ukainua mkono, ukaushusha.
Ni ule mstari wa tano.

Lakini wewe unakwangua kikaango kwa kijiko,
unautafuta ukoko wa pembeni,
mweusi, unaonata, unaokataa kubanduka,
na unauliza kama kuna mwenye haja nao.

Kila alfajiri niliposhuka mnarani
Crisanto alikuwa amenifichia huo huo
kwenye kifuniko cha sufuria, chini ya taulo.
Na mimi miaka yote nikidhani ni masalio.

Kula, Akongo, shule itakuacha.
Ila nibakizie kimoja.